Mahadhi ya Moshi wa Kwetu

Meenadarra, Donegal
2 Oktoba 1978

Kaka Manus,

Salamu zikufikie huko Glasgow, wewe na wifi Isobel. Sisi huku wazima kwa kiasi chetu. Viazi tumeshachimba, na mwaka huu Mungu alilikumbuka shamba la mbele akalisahau la nyuma. Udongo wa kinamasi tunaochoma badala ya kuni umekauka vizuri, nimeupanga ubavuni mwa nyumba mpaka usawa wa dirisha. Ng'ombe mwekundu kazaa dume. Padri mpya anahubiri mpaka chai za watu zinapoa majumbani. Hizo ndizo habari, na kama ungeandika zaidi ya kadi ya Krismasi ungekuwa umeshazijua.

Sasa nije kwenye lililonikalisha hapa mezani. Mama hatoki tena nje ya uzio. Daktari alikuja, akampima, akanivuta kando karibu na banda la kuku, akaniambia kifua kimechoka na moyo umechoka, na yeye hana dawa ya uchovu wa namna hiyo. Anadhani baridi hii ataivuka. Ya mbele ya hapo hakusema, nami sikumuuliza.

Mama mwenyewe haogopi kufa. Jana nilipokuwa namchana nywele alisema, "Nábla, mimi sitaki kuzikwa kimya kama baba yenu." Nikamwambia aache maneno hayo. Akasema, "Siyaachi. Mwandikie Manus."

Nakukumbusha kwa kuwa umekaa mbali muda mrefu. Katika nyumba hii hakuna Breslin anayevuka mlango kwenda mbali, akiwa kwa miguu yake au akiwa mabegani mwa watu, bila kupigiwa kwa fidla yale mahadhi ya Moshi wa Kwetu. Baba aliwapigia ndugu zake walipokwenda Scotland kuchimba viazi vya wenyewe. Alikupigia wewe. Ni yeye peke yake aliyetoka kimya kama sanduku la misumari, kwa sababu wa kumpigia ulikuwa wewe, nawe ulituma kadi yenye picha ya maua.

Miaka kumi na minne sijakuuliza, na leo sikuulizi hilo. Nakuuliza moja tu: Mama akiondoka, utakuja kupiga? Jibu ndiyo au hapana. Tafadhali usinijibu kwa habari za mvua.

Mdogo wako,
Nábla


Glasgow
29 Oktoba 1978

Mdogo wangu Nábla,

Mvua inanyesha. Nisamehe, lakini ni kweli, na ningeandika uongo ungejua. Isobel anakusalimu. Mimi bado niko stoo ya bandari ya kuundia meli, nagawa nati na vifaa kwa vijana wanaoniita Babu ingawa nina miaka arobaini na minne. Kazi ya kuchimba mawe kwenye mahandaki ya milimani niliacha zamani, hilo unalijua.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, nikairudia nimekaa. Mbusu Mama kwa niaba yangu. Mwambie nitakuja.

Lakini Nábla, fidla sijaishika kwa miaka mingi. Usiulize imekuwaje, mji una kazi zake. Vidole vimesahau. Nimeazima fidla ya jirani na nataka kuanza upya, kama mtoto. Kwa hiyo nakuomba jambo. Nenda kwa mzee Hughie Boyle, mpelekee chupa, mwambie anirekodie kwenye kanda walsi rahisi na mahadhi ya taratibu, zile anazowafundisha wanaoanza. Za kwetu na za Scotland, zozote. Zisizopanda juu ya shingo ya fidla, na zisizotaka kidole cha mwisho. Na mwishoni, kama anaikumbuka, anipigie Moshi wa Kwetu kama alivyomsikia Baba. Maneno yake ninayo, ila mkono umenipotea.

Usimwambie Mama kwamba naanza upya. Mwambie tu kwamba nitakuja.

Kaka yako,
Manus


Meenadarra
20 Novemba 1978

Kaka Manus,

Hatujambo. Mama anakula uji na mkate kidogo, na anamtukana daktari, ambayo ni dalili njema. Upepo umeng'oa bati la banda.

Nimesoma barua yako na nusura niitie motoni. Walsi rahisi? Wewe? Wewe uliyepanda jukwaani kwenye mashindano ya Letterkenny na suruali ya kuazima ukarudi na kikombe, ukapita nacho mbele yangu kama askofu na fimbo yake? Sasa unataka za wanaoanza! Kama hutaki kuja sema hutaki. Mimi nitabeba aibu, nimeizoea. Lakini usinitume kwa Hughie na chupa ili baadaye useme, "Nilijaribu, vidole vikakataa." Na tangu lini kidole chako cha mwisho kikawa mvivu? Baba alikuwa akisema kidole hicho cha Manus kingeweza kukamua mbuzi peke yake.

Haya, kanda hii hapa. Niliyoambiwa niyaandike ni haya. Walsi ya Mjane wa Kinusani ndiyo rahisi kuliko zote, anza nayo. Walsi ina miguu mitatu, mmoja mzito na miwili myepesi, na anayeanza hukanyaga yote kwa uzito kama mtu anayevuka matope. Inua ule wa tatu. Ukiona mtu anayekusikiliza anataka kusimama acheze, umeipata. Ya pili ni ile ya Waskoti, Harusi ya Bonde la Chini, hiyo ipige polepole kuliko unavyotaka. Ikishakaa, ndipo uende kwenye mahadhi ya taratibu, na hayo hayana miguu kabisa. Usiyahesabu. Ukiyahesabu yanakuwa walsi ya watu wenye huzuni, na wazee watakuangalia vibaya. Yanafuata pumzi, kama mtu anayesema.

Moshi wa Kwetu iko mwisho wa kanda.

Mama anauliza utakuja Krismasi. Mama anauliza, si mimi.

Nábla


Glasgow
12 Januari 1979

Nábla mpenzi,

Heri ya mwaka mpya, mwenye nyumba na ng'ombe na bati lake. Isobel alipata mafua akanigawia. Krismasi sikuweza kuja. Kulikuwa na barafu barabarani, na kazini hawakunipa ruhusa. Najua utasema nini, kwa hiyo umeshasema.

Kanda imekuwa mwenzangu. Narudi kazini, nakula, nafungua dirisha la jikoni ili Isobel apate pa kukimbilia, nafanya mazoezi. Mjane wa Kinusani nimeshamfahamu. Bado anakanyaga matope lakini anatembea. Harusi ya Bonde la Chini inanishinda katikati, pale inaporuka.

Mzee Hughie ameniduwaza. Mkono wake zamani ulikuwa mkavu, wa kuchezesha watu tu. Uzeeni umekuwa mtamu namna hii? Mahadhi yale ya pili kutoka mwisho nimeyarudisha mara nyingi mpaka kanda inakwaruza. Mpe salamu zangu. Mwambie hakuna aliyenifundisha kwa upole hivyo tangu nizaliwe. Hajambo lakini, mzee?

Kuhusu Moshi wa Kwetu, kuna mahali anakosea. Si kosa lake, hana yale maneno ya siri yanayoongoza pumzi ya upinde. Baba alininong'oneza mimi peke yangu siku ile naondoka, kama alivyonong'onezwa na baba yake. Nitakueleza siku nyingine.

Kuhusu kuja, nipe muda kidogo. Nataka nije niwe na kitu mkononi.

Manus


Meenadarra
10 Februari 1979

Manus,

Mama yuko kitandani tangu sikukuu ya Mtakatifu Brigid, mwanzo wa mwezi. Chai anakunywa kwa kijiko. Ng'ombe wazima.

Hughie hajambo, hana shida yoyote.

Nimechoka kukutunzia maneno. Kila asubuhi nikileta maji ya kunawa Mama ananiuliza, "Manus kasema lini?" Nami nasema, "Karibu, Mama." Karibu, karibu! Neno hilo limeisha mdomoni mwangu kama sabuni. Jana alinishika mkono akasema, "Nábla, huyu mtoto ana nini? Mwambie asije na zawadi. Aje na ule mkono wake tu." Nikatoka nje nikalia kwenye banda la kuku, na kuku wakanitazama.

Watu wa posta wanasema watagoma nchi nzima, barua na simu zote. Kwa hiyo sikiliza kabla mlango haujafungwa. Nataka kanda yako. Wewe mwenyewe, unapiga chochote, hata hiyo Mjane yenye matope. Mama asikie kwa masikio yake kwamba unapiga, ili aache kukuota. Mpe Packie Sweeney wa basi la Glasgow, yeye anakuja kila wiki, mgomo haumhusu.

Usipoleta kanda nitajua kwamba hukuwahi kuazima fidla yoyote. Na ikiwa hivyo usiniandikie tena. Nitamwambia Mama umekufa. Itamuuma mara moja, basi.

Nábla


Glasgow
17 Machi 1979
Kwa mkono wa Packie Sweeney

Nábla,

Leo ni sikukuu ya Patrick na mji mzima umelewa kwa heshima yetu. Isobel anasali kwa ajili ya Mama, ingawa kanisa lake si letu. Nilitaka kukujibu mapema, ila Packie wiki mbili alikuwa amelaza basi kwa ajili ya theluji.

Kanda iko ndani ya soksi ili isivunjike. Nimepiga Mjane wa Kinusani, hiyo tu. Nakuomba sana, isikilize wewe kwanza ukiwa peke yako. Ukiona haifai, mwambie Mama imeharibika njiani. Usiniulize kwa nini nimeipiga hivyo.

Sasa na mimi nina langu. Nimeisikiliza kanda yako miezi minne. Hughie Boyle alikuwa akipindisha upinde kwa bega, watu wote wa bonde wanajua, ndiyo maana alimpiga padri jichoni harusini kwa jirani yetu Rose. Huyu aliye kwenye kanda anapindisha kwa kifundo cha mkono, na akifika mwisho wa mstari anauacha upinde ulale kidogo juu ya uzi kabla ya kuurudisha. Mkunjo ule ni wa Baba. Alininyima hata mimi. Nilijaribu miaka sita, akawa ananiambia, "Haufundishwi, unaokotwa."

Kwa hiyo nimejiuliza. Ni nani ana mkunjo wa Baba na hana maneno ya Baba? Kwenye Moshi wa Kwetu anavuta pumzi katikati ya neno "mwanangu". Analikata kama mkate. Mtu aliyenong'onezwa hawezi kufanya hivyo. Anayeweza ni mtu aliyesikia fidla peke yake, kila jioni, kwa miaka mingi, akiwa juu ya mbao za dari.

Nani alilala kwenye dari juu ya jiko, Nábla?

Manus


Meenadarra
9 Aprili 1979
Kwa mkono wa Packie

Kaka,

Sina habari za ng'ombe leo.

Kanda yako sikuisikiliza peke yangu. Packie aliifungua soksi mbele ya Mama, kwa kuwa Packie ni Packie. Mama akasema, "Iweke." Nikaiweka kwenye redio, nikakaa ukingoni mwa kitanda, na moyo wangu ulikuwa unadunda kuliko hiyo walsi.

Ilipoanza nilitaka kucheka, Mungu anisamehe. Nikasema, "Mama, huyu ni mtoto gani Manus amemshika amrekodi?"

Mama akaniambia, "Nyamaza wewe."

Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Irudishe." Nikairudisha. Akafumba macho, mkono wake wa kushoto ukawa unatembea juu ya blanketi, kidole cha shahada na cha kati. Hivyo viwili tu. Kila pahali ambapo kidole cha tatu kilitakiwa kukanyaga, kidole chake cha kati kiliteleza mbele kwenda kukisaidia. Nami ndipo nikasikia. Manus, nikasikia kila kitu.

Packie naye akavua kofia. Akasema, "Mama Breslin, mimi nilijua. Aliniapisha."

"Tangu lini?" Mama akamuuliza.

"Tangu handakini. Jiwe lilimshukia wiki moja kabla ya mzee kufariki."

Mama hakulia. Alisema, "Nilimwambia ule mkono si wa mawe. Nilimwambia pale mlangoni, mbele ya watu." Kisha akasema, "Ndiyo maana. Hakutaka nione kwamba nilisema kweli." Halafu ndipo akalia.

Mimi nilikasirika, na bado nimekasirika. Ulituacha tukuchukie! Miaka kumi na minne nimekuwa nikimwambia kila anayeuliza kwamba kaka yangu ana moyo wa chuma cha reli. Ulikuwa hospitali na mkono kwenye bandeji, ukatuma kadi ya maua, ukaona hiyo ni afadhali? Mjinga wewe. Mjinga mwenye kikombe cha Letterkenny.

Haya, na mimi nimekamatwa. Hughie alikufa mwaka juzi, wakati wa Kwaresima. Niliposema hana shida yoyote sikusema uongo. Aliyepiga ni mimi. Nilijifunzia juu ya dari, sindano ya kufumia ikiwa upinde na mkono wangu mwenyewe ukiwa fidla, na Baba akienda mnadani nilishusha fidla ukutani. Mama alisimama mlangoni akikohoa kila mtu akipita barabarani. Watu walidhani ana kifua tangu wakati huo. Baba hakujua, au alijua akanyamaza, maana fidla ilikuwa ya watoto wa kiume. Siku anazikwa nilisimama jikoni, fidla iko ukutani, naijua kila sauti, nikashindwa kunyoosha mkono. Wewe ulikuwa na sababu. Mimi nilikuwa na vidole vyote.

Safari hii nitanyoosha. Nimeshamwambia Mama, naye amesema, "Ulikuwa unangoja nini?" Lakini sitampigia mama yangu huku nakata maneno kama mkate. Niandikie maneno, Manus. Ni machache, najua. Yaandike kwenye karatasi, umpe Packie.

Nábla


Glasgow
3 Mei 1979
Kwa mkono wa Packie

Nábla,

Salamu kwako na kwa Mama. Isobel alinisomea barua yako mara ya pili kwa sauti kwa sababu mimi macho yalikuwa hayafanyi kazi.

Ni kidole cha pete na kidole cha mwisho, mkono wa kushoto. Vimekatika chini kabisa. Vingine vyote vipo. Nakula, navaa, nabeba vitu, hakuna anayegundua nikiweka mkono mfukoni. Sasa umeshajua, tusilirudie.

Maneno siwezi kuyaandika. Usinune. Baba aliniapisha pale nyuma ya mlango, begi langu likiwa mgongoni: kutoka mdomoni kwenda sikioni, kwa Breslin atakayeshika fidla, na hayaimbwi wala hayaandikwi. Siku yakiandikwa, alisema, yatakuwa wimbo tu kama nyimbo nyingine. Nimevunja mengi, Nábla. Sikuja kumzika. Hili moja bado halijavunjika mkononi mwangu, na mkono wangu wenyewe unaujua ulivyo.

Kwa hiyo ni lazima nije, na ninaogopa. Sikufichi. Naogopa kuingia kwenye ile nyumba na watu waangalie mfuko wangu wa koti. Naogopa uso wa Mama kuliko nilivyoliogopa jiwe. Kazini tunafunga kwa likizo katikati ya Julai. Nitakuja wakati huo, naahidi, nitakunong'oneza, na Mama atakusikia akiwa hai. Mwambie anisubiri mpaka Julai. Alikuwa hodari wa kusubiri.

Endelea na mazoezi. Lile neno liunganishe. Pumzi iko baada yake.

Manus


Meenadarra
12 Juni 1979
Kwa mkono wa Packie, ampe Manus mwenyewe

Manus,

Hakusubiri. Ameondoka leo alfajiri, nikiwa nimemshika. Alisema nikuambie kwamba mkono ni mkono.

Tunamzika Ijumaa. Majirani wameshafika kukesha naye, nyumba imejaa, saa tumeisimamisha na kioo tumekifunika, kama desturi ya msiba. Fidla nimeitoa ukutani, iko mezani mbele ya watu wote, na hakuna aliyepinga, hata padri.

Packie atasimama mlangoni kwako na gari likiwa linawaka. Usimkaribishe chai. Usitafute koti zuri. Mimi mkono ninao, wewe lete maneno. Usipokuja, Manus, nitapiga hivyo hivyo bila hayo, na nitakosea pale pale, mbele ya mama yetu.

Nábla


Glasgow
8 Julai 1979

Nábla mdogo wangu,

Posta imefunguliwa, kwa hiyo hii inakuja kwa stempu kama barua ya waungwana. Packie amenuna, anasema tumemnyang'anya kazi. Isobel anakushukuru kwa mkate, aliula wote yeye. Nami nimefika salama, ingawa kuanzia Derry mpaka kwenye meli nililala mdomo wazi na watoto wakanihesabu meno.

Nilitaka kukueleza jambo ambalo sikuweza kulisema nilipokuwa huko, kwa sababu pale jikoni watu walikuwa wengi, na baadaye tulikuwa wawili tu, ikawa ngumu zaidi.

Uliponivuta nyuma ya mlango, pale pale aliponiweka Baba, nilikuwa nimeyasahau maneno. Nakuapia. Njia nzima ndani ya basi nilikuwa nayo, na nilipoingia nikamwona Mama amelazwa na rozari yake mikononi, yalitoka yote. Ukaniinamishia sikio. Nikawa sina kitu. Ndipo ukaufuata mkono wangu mfukoni, ukautoa mbele ya watu wote, ukaushika vile ulivyo, ukasema, "Sema basi, wewe, jeneza linangoja." Nami nikasema. Hukujua kwa nini nilichelewa, sasa umejua.

Ulipopiga, wanaume walipokuwa wakimwinua, sikumtazama mtu. Nilikuwa nangoja lile neno. Ulifika, ukalipita zima, ukapumua baada yake. Mzee Doalty Gillespie aliyekuwa mbele yangu akasema taratibu, kana kwamba anamsikia Baba mwenyewe, "Huyo ni Conall Breslin." Nikamwambia, "Hapana, mzee. Huyo ni Nábla."

Sasa lile lingine. Asubuhi naondoka sikukuomba unipigie. Nilidhani tumeshamaliza, nami si kijana wa kwenda Scotland kwa mara ya kwanza. Nikabeba begi, nikavuka mlango, na nilipofika kwenye uzio nikakusikia umeanza. Ulinitendea vibaya, hukunionya.

Maneno unayo sasa, kwa hiyo unajua yanachotaka. Aondokaye ageuke mara moja tu, auone moshi wa kwao, kisha asigeuke tena mpaka avuke maji. Mara ile ya kwanza, nikiwa na miaka ishirini, nilifuata sawasawa. Baba alipiga, nikageuka mara moja nikiwa kwenye daraja, nikakaza shingo mpaka Glasgow. Nilijivuna sana kwa shingo ile. Nimeikaza maisha yangu yote.

Safari hii niligeuka kwenye uzio, nikakuona umesimama mlangoni na moshi juu yako. Basi, nikasema, ndiyo hiyo moja, nikaenda. Kwenye daraja nikageuka tena. Kwenye kona ya kanisa nikageuka tena, ulikuwa mdogo kama kuku lakini nilikuwa bado nakusikia. Packie akapiga honi. Nikapanda, nikakaa kiti cha nyuma kabisa, nikapiga magoti juu yake kama mtoto, nikakutazama mpaka mlima ukakuficha.

Kwa hiyo nimeharibu. Wewe ndiye mwenye nyumba na fidla na maneno, na ni wewe wa kusema nifanyeje. Mimi naona dawa ni moja. Katikati ya Julai tunafunga, kama nilivyosema. Niwekee kitanda cha darini. Nakuja kufundishwa Harusi ya Bonde la Chini, pale katikati inaporuka, namna inavyopigwa na mtu mwenye vidole viwili.

Kaka yako,
Manus